Vitofali, gia na roboti: Burudani ya watoto inayoweza kuanzia gereji za Makambako

Na Mwandishi Wetu, Makambako

UKIFIKA Makambako jioni, wakati malori yaendayo Tunduma na yale yakatayo kona kuelekea Njombe na Songea yanapoegeshwa kandokando ya barabara, ni nadra kukosa kuona giaboksi imeshushwa chini na mafundi wakiwa wamelala mvunguni mwa gari. Ni nadra vilevile kukosa watoto wawili watatu waliochuchumaa pembeni, wakitazama jinsi gurudumu dogo lenye meno linavyolisukuma kubwa.

Aghalabu watoto hao hufukuzwa na kuitwa wazururaji. Pengine wangeachwa watazame kidogo.

Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, ni miongoni mwa watu waliobadilisha namna dunia inavyowafundisha watoto kompyuta. Katika utangulizi wa kitabu chake cha mwaka 1980 kiitwacho Mindstorms, alieleza kwamba akiwa mtoto mdogo alizipenda mno gia za magari, na kwamba miaka kadhaa baadaye, alipokutana na milinganyo ya hisabati shuleni, aliielewa kwa sababu aliiona kichwani mwake kama gia zinazozungushana.

Jina la kitabu hicho ndilo lililochukuliwa na kampuni ya LEGO ya Denmark kwa ajili ya seti yake ya roboti za watoto iliyotoka mwaka 1998. Makala haya yanaeleza burudani hiyo ya kujenga kwa vitofali na kuunda roboti ni kitu gani, imetoka wapi, inafanyaje kazi, na ni kwa vipi mzazi au mwalimu wa Njombe au Makambako anaweza kuianzisha bila kungojea boksi la gharama kubwa kutoka ng'ambo.

Ilianza kwa seremala

Wapo wanaodhani vitofali vya plastiki ni mchezo wa matajiri wa mijini. Ukweli ni kwamba chimbuko lake ni karakana ya seremala wa kijijini.

Ole Kirk Kristiansen alikuwa seremala katika kijiji cha Billund. Mwaka 1932, mdororo wa uchumi ulipomkosesha kazi za ujenzi, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea watoto kwa mbao. Miaka miwili baadaye aliipa karakana yake jina la LEGO, kifupi cha maneno mawili ya Kideni yenye maana ya "cheza vizuri".

Vitofali vya plastiki vilifuata mwaka 1949, navyo havikuwa wazo lake mwenyewe kwa asilimia mia moja. Mwingereza Hilary Fisher Page alikwisha kubuni vya aina hiyo kabla yake. Kasoro ya vile vya mwanzo ni kwamba ndani vilikuwa vitupu, hivyo havikushikana sawasawa. Tatizo hilo lilitatuliwa kwa kuweka mirija ndani ya kitofali, nayo hataza ya ubunifu huo iliombwa Januari 28, 1958. Vitu vya mbao viliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1960, pale moto ulipoteketeza sehemu ya karakana na kampuni ikaamua kuachana na mbao moja kwa moja.

Msomaji wa Njombe ana sababu ya kuitazama historia hiyo kwa jicho la pekee. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, una mashamba ya misindano kila upande, na kampuni ya miwati ya TANWAT ipo hapa tangu mwaka huohuo wa 1949. Vipande vya mbao vinavyobaki viwandani na kwa maseremala huishia jikoni au kwenye tanuri la matofali.

Seremala yeyote mwenye msumeno na msasa anaweza kuvikata vipande hivyo kwa kipimo kimoja: urefu uwe mara mbili ya upana, na upana uwe mara mbili ya unene. Havina vinundu vya kushikana, lakini mtoto wa miaka mitatu akivipanga hugundua mwenyewe kwamba vifupi viwili hulingana na kirefu kimoja. Hilo ni somo la sehemu, nalo limefika kabla ya darasa la kwanza.

Kitofali kimoja, hesabu nyingi

Kitofali cha LEGO kina vipimo visivyobadilika. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kingine ni milimita 8. Kimo chake, bila kuhesabu vinundu, ni milimita 9.6. Vitofali vyembamba vitatu vikipandana hulingana na kinene kimoja. Kwa kuwa vipimo hivyo vimetunzwa tangu mwaka 1958, kitofali cha wakati ule hushikana na cha leo. Hataza ya kitofali cha msingi imekwisha muda wake, ndiyo maana leo kuna kampuni nyingine zinazotengeneza vinavyoingiliana na vya Denmark kwa bei ya chini.

Ukichukua vitofali viwili vya rangi moja, kila kimoja kikiwa na vinundu vinane, unaweza kuviunganisha kwa namna 24. Vitatu huunganishwa kwa namna 1,060. Vikiwa sita, idadi hupanda hadi 915,103,765.

Kuna kisa kidogo katika tarakimu hiyo ya mwisho. Kwa miaka mingi kampuni yenyewe ilitangaza kuwa vitofali sita huunganishwa kwa namna 102,981,500. Søren Eilers, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, alibaini kuwa hesabu hiyo ilihusu minara ya vitofali sita vilivyopandana kimoja juu ya kingine tu, na maumbo mengine yote yalikuwa yameachwa. Ni kisa kizuri cha kuwasimulia watoto wanaoamini kuwa kilichoandikwa kwenye boksi hakiwezi kuwa na kosa.

Kwa watoto wa Makambako, jambo la kujenga halipo mbali. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilipita sehemu yake ngumu kuliko zote ilipokuwa ikipanda kutoka Mlimba hadi Makambako. Katika kilometa 158 tu za kipande hicho yalijengwa madaraja 46, mahandaki 18 na makalvati 36. Daraja la Mto Mpanga lina nguzo tatu zenye kimo cha meta 50 hivi.

Mwambie mtoto ajenge daraja la nguzo tatu kwa vitofali, kisha aweke mawe madogo juu yake, moja baada ya jingine, hadi lianguke. Asiambiwe mapema litavunjikia wapi. Mara nyingi huachia katikati ya nguzo mbili, pale vitofali vilipounganishwa kwa kinundu kimoja kimoja. Akijenga mara ya pili atavipishanisha kama mwashi anavyopishanisha matofali ya ukuta, na daraja litabeba zaidi.

Hapo ndipo penye ubora wa vitofali, na haki lazima isemwe. Gari la waya au la mbao ambalo watoto wetu hujitengenezea lina akili nyingi ndani yake, lakini likishakamilika ni shida kulifumua na kulisuka upya. Jengo la vitofali hubomolewa kwa dakika moja. Anayekosea haogopi, kwa sababu hakuna kilichoharibika.

Gia za kuchezea, gia za lori

Baada ya kujenga vitu visivyosogea, hatua inayofuata ni kujenga vinavyokwenda.

Chukua gia yenye meno 8 iliyoshikana na yenye meno 24. Ndogo ikizunguka mara tatu, kubwa huzunguka mara moja. Mwendo umepungua mara tatu, lakini nguvu ya kuzungusha imeongezeka kwa kiasi hichohicho, ukiacha ile inayopotea kwa msuguano. Ndiyo sababu dereva wa lori lililosheheni mbao hurudi gia ya chini anapoanza kupanda mlima.

Zoezi linalowafurahisha watoto ni hili. Makundi mawili hupewa mota za aina moja na betri za aina moja. Kundi la kwanza hutakiwa kujenga gari la kukimbia, la pili gari la kupanda ubao ulioinamishwa. Kabla ya kuwasha, kila mtoto aandike anavyodhani itakuwa. Gari la kwanza hushinda sakafuni na hukwama kwenye ubao, huku mota ikilalamika. La pili hujikongoja, lakini hufika juu.

Mtoto aliyekwisha kuona giaboksi ya lori ikiwa wazi gereji ana la kuwaeleza wenzake siku hiyo. Mwalimu mwenye busara humwita na fundi mwenyewe, aje na difu mbovu, aizungushe mbele ya watoto. Hana haja ya cheti kufanya hivyo.

Roboti ni kitu gani?

Neno roboti lilisambaa duniani kutokana na tamthiliya ya mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920. Alilipata kutoka neno la lugha yake lenye maana ya kazi ya shokoa.

Gari la kuchezea linaloongozwa kwa rimoti si roboti, kwa sababu anayeamua ni mtoto aliyeshika rimoti. Roboti hufanya mambo matatu yenyewe: huhisi, huamua, kisha hutenda. Kuhisi hufanywa na kifaa kiitwacho kihisi, ambacho hupima mwanga, joto, mguso au umbali. Kuamua hufanywa na kompyuta ndogo iliyoandikiwa programu. Kutenda ni kazi ya mota, taa au kengele.

Mfano unaotumika sana kufundishia ni roboti inayofuata mstari. Hubandikwa tepu nyeusi ya mafundi umeme juu ya karatasi nyeupe. Chini ya roboti kuna kihisi kinachomulika sakafu na kupima mwanga unaorudi. Karatasi nyeupe hurudisha mwanga mwingi, tepu nyeusi hurudisha kidogo.

Watoto wengi hudhani roboti itatembea katikati ya mstari. Kwa kihisi kimoja hilo haliwezekani, maana ikitoka nje haitajua imetokea upande upi. Hivyo huifanya itembee kwenye ukingo, pale nyeusi inapokutana na nyeupe, kwa kanuni mbili tu: ukiona nyeusi geuka kulia, ukiona nyeupe geuka kushoto. Roboti huyumba kama mlevi anayerudi kilabuni, lakini haipotei.

Kuyumba huko ndiko somo lenyewe lilipo. Watoto hupunguza mwendo, na roboti hutulia kidogo. Hupunguza ukali wa kugeuka, ikatulia zaidi, lakini ikifika kwenye kona kali inapitiliza. Wakubwa kidogo hugundua suluhisho: roboti isigeuke kwa kiasi kilekile siku zote, bali igeuke kulingana na ilivyokosea, kosa dogo, mgeuko mdogo, kosa kubwa, mgeuko mkubwa. Kanuni hiyo ya kupima kosa na kusahihisha bila kukoma ndiyo inayotumika katika ndege inayojiongoza yenyewe na katika mitambo mingi ya viwandani. Mtoto wa miaka kumi na miwili akiifikia kwa mikono yake mwenyewe, hasahau.

Hata hivyo, somo la kwanza la programu halihitaji kompyuta. Mtoto mmoja hufungwa kitambaa machoni. Mwenzake huandika amri kwenye karatasi za kumfikisha mlangoni, na wa tatu humsomea moja baada ya nyingine bila kuongeza neno. Amri isemayo "geuka" hukwama papo hapo: kulia au kushoto? Kiasi gani? Vicheko huwa vingi, na karatasi huandikwa upya mara nne au tano.

Papert na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walianza na fikra kama hiyo walipobuni lugha ya kompyuta iitwayo Logo mwaka 1967. Baadaye watoto waliitumia kumwamuru kobe wa mashine atembee sakafuni na kuchora maumbo. Alitaka mtoto ajiweke mahali pa kobe na kujiuliza, "ningekuwa mimi ningepita wapi?"

Boksi lililofungiwa kabatini

Seti ya kwanza ya Mindstorms ya mwaka 1998 ilifuatiwa na nyingine mwaka 2006, kisha ya tatu mwaka 2013 iliyouzwa Marekani kwa dola 349.99, kabla ya kodi na usafiri. Mwishoni mwa mwaka 2022 kampuni ilisitisha uuzaji wa bidhaa zenye jina hilo, ingawa inaendelea kutengeneza vitofali na vifaa vingine vya kufundishia. Shule zilizokuwa na seti za zamani zilibaki na vifaa vizima ambavyo programu zake zinazidi kuwa ngumu kupatikana kwa kompyuta za kisasa.

Gharama ni kikwazo kimoja tu, na si kibaya kuliko vyote. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuonyeshwa, katika shule moja ambayo hakuna haja ya kuitaja, boksi la vitofali na mota lililotolewa na wafadhili. Lilikuwa kabatini, chini ya kufuli, orodha ya vipande ikiwa imebandikwa juu ya mfuniko. Mwalimu aliyekabidhiwa aliogopa kwamba kipande kikipotea atadaiwa yeye. Hakuna kipande kilichokuwa kimepotea. Hakuna pia mtoto aliyekuwa amevigusa.

Anayetaka kutoa msaada wa namna hiyo angefanya vema kumpa mwalimu na barua inayosema kuwa vipande vitapotea na hakuna atakayeulizwa.

Kwa upande wa vifaa, mambo yamekuwa nafuu kuliko ilivyokuwa miaka ishirini iliyopita. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, walimu na wanafunzi walibuni kibao cha kielektroniki kiitwacho Arduino, na michoro yake waliiacha wazi ili yeyote aweze kukitengeneza. Ndiyo maana leo vibao vya aina hiyo hutengenezwa na wengi na hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya elektroniki Dar es Salaam kwa sehemu ndogo sana ya bei ya seti ya plastiki.

Mwaka 2016 ulifuata micro:bit, uliobuniwa kwa ushirikiano na shirika la utangazaji la BBC kwa ajili ya wanafunzi wa Uingereza. Ni kibao kidogo kinachoenea kiganjani, chenye vitaa 25, vitufe viwili, na uwezo wa kupima joto, mwanga na mtikisiko. Huendeshwa kwa betri mbili ndogo. Programu ikishaingizwa kwa waya kutoka kwenye kompyuta, kibao huendelea kufanya kazi peke yake, kwa hiyo kompyuta moja inatosha kuhudumia makundi kadhaa kwa zamu.

Ipo pia programu ya bure iitwayo Scratch, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007 na taasisi ya MIT ya Marekani, ambamo mtoto huunganisha amri kama anavyounganisha vitofali. Scratch inaweza kutumika kwa Kiswahili, na inaweza kuwekwa kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Jambo hilo halijulikani kwa walimu wengi, nalo lina uzito: mtoto wa darasa la nne anayepigana na Kiingereza na programu kwa wakati mmoja hushindwa vyote viwili.

Vilivyobaki vinapatikana hapahapa. Ndani ya deki mbovu au printa iliyokufa kuna mota ndogo zinazozungushwa kwa betri za tochi. Vizibo vya soda hugeuka kapi, raba bendi hugeuka mkanda, spoki ya baiskeli hugeuka ekseli, na ndala kuukuu hukatwa magurudumu kama zilivyokatwa tangu enzi za baba zetu. Mianzi ya ulanzi, iliyozagaa katika mkoa huu, ni myepesi na imara kwa fremu ya gari.

Kazi yenye maana kwa watoto wa huku

Roboti inayofuata mstari hufurahisha kwa wiki mbili. Baada ya hapo watoto huuliza inasaidia nini, na wana haki ya kuuliza.

Njombe ni baridi. Mwezi Juni na Julai mfugaji wa kuku hukesha, kwa sababu vifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi kati ya 32 na 35 hivi, nalo jiko la mkaa likizimika usiku, asubuhi hukuta wamejibana pembeni na wengine wamekufa. Kibao kama micro:bit kinaweza kuandikiwa programu fupi: pima joto kila dakika, na likishuka chini ya nyuzi 30, piga kengele.

Kuna mtego mmoja ambao watoto wauvumbue wenyewe. Kihisi cha joto cha kibao hicho kimo ndani ya kompyuta yake, na kompyuta ikifanya kazi hupata joto kidogo. Kwa hiyo namba inayoonyeshwa huweza kuzidi ile ya hewa ya bandani. Watoto huweka kipimajoto cha kawaida kando yake, huandika namba zote mbili kwa siku tatu, hutafuta tofauti na kuiondoa ndani ya programu. Hapo wamefanya sayansi, na kuku wa mama wamepona.

Zipo kazi nyingine za aina hiyo: kizuizi kinachojishusha treni ya kuchezea inapokaribia makutano ya reli na barabara, taa za kuongozea magari za njia panda ya Songea, au mwanga unaohesabu mbao zinazopita mezani.

Kijana wa Kenya, Richard Turere, alianzia kwenye shida kama hizo. Akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, huko Kitengela jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alifunga taa za kumetameta kuzunguka zizi la baba yake ili kuwafukuza simba waliokuwa wakila ng'ombe. Alitumia betri ya gari, sola na vifaa vya pikipiki. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kusimulia ubunifu wake huo.

Jinsi ya kuendesha klabu

Watoto watatu au wanne kwa seti moja wanatosha. Wakizidi hapo, wawili watajenga na waliobaki watatazama. Kila mmoja apewe kazi: wa kutafuta vipande, wa kujenga, wa kuandika programu, wa kuandika kumbukumbu. Kazi hizo zibadilishwe kila baada ya nusu saa, na mwalimu asimamie mabadiliko hayo bila kulegeza, kwa kuwa yakiachwa yenyewe wavulana huishika mota na wasichana hukabidhiwa kalamu hadi mwisho wa muhula.

Ujenzi wote ufanyike ndani ya ungo au sinia. Kipande kilichoanguka ndani ya ungo hakipotei. Dakika kumi za mwisho ziwe za kubomoa na kuhesabu. Kwa kuwa wengine hulia jengo lao linapobomolewa, lipigwe picha kwanza kwa simu.

Vitofali vikichafuka huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni kidogo, kisha huanikwa kivulini. Maji ya moto huvipinda.

Vipande vidogo wasipewe watoto wa chini ya miaka mitatu. Zile betri ndogo za duara mfano wa kidonge ni za hatari zaidi: mtoto akimeza huweza kuunguza koo kwa muda wa saa chache, na anapaswa kupelekwa hospitali mara moja. Umeme wa ukutani usiguswe kabisa. Kazi zote za klabu ziendeshwe kwa betri.

Mahali pa kuonyesha kazi

Mitaala mipya ya elimu ilianza kutekelezwa nchini Januari 2024, ikiwa na mkazo mkubwa zaidi kwa stadi za kazi, na hiyo inampa mwalimu hoja ya kumweleza mwalimu mkuu anayeuliza vitu vya kuchezea vinafanya nini shuleni.

Kwa wanafunzi wa sekondari yapo maonesho ya Young Scientists Tanzania, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2011. Jijini Tanga ilifunguliwa mwaka 2021 bustani ya sayansi ambako watoto hushika na kujaribu vitu kwa mikono. Kimataifa, ligi ya roboti za vitofali ya FIRST LEGO League ilianza mwaka 1998, na tangu mwaka 2017 kuna mashindano ya FIRST Global ambayo kila nchi hupeleka timu moja ya vijana. Tanzania imewahi kupeleka yake.

Karibu zaidi na nyumbani ni Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yajulikanayo kama MAKISATU, yaliyoanzishwa mwaka 2019. Mwaka huohuo wabunifu wa Njombe waliozalisha umeme wa maji kwa vifaa vya kujitengenezea, akiwamo John Fute maarufu kwa jina la Pwagu, walisifiwa hadharani na Rais wa wakati huo, John Magufuli. MAKISATU ina kundi la shule za msingi. Lina pia kundi la sekta isiyo rasmi, ambamo fundi wa gereji asiye na cheti huingia kwa kazi ya mikono yake.